Nilivyochoka Nikiwajengea Walioungua

Kitu cha kwanza kunitoka kilikuwa ladha ya kuku. Nguvu zilikuwepo bado, usingizi ulikuwepo kidogo, lakini ladha ya kuku ilikwenda. Mke wangu, Mama Ayub, alipika ingokho siku ya Jumapili, jogoo mzima na mchuzi wake, na obusuma, ugali wetu wa wimbi, nami nikatafuna paja kama mtu anayetafuna kamba. Nikasema chumvi haipo. Watoto wakaangaliana. Chumvi ilikuwepo. Mtu wa kwetu akikosa ladha ya kuku, majirani huanza kuulizana kama ameshagawa shamba.

Haya naandika kwa ajili yako wewe unayetumwa kwa watu waliopatwa na balaa: walioungua, waliofurikiwa, walioporomokewa na kilima. Waliopatwa wenyewe wana watu wa kuwaandikia. Wewe unayeenda kuwasaidia asubuhi na kurudi jioni, kisha siku moja unajikuta umekasirishwa na kijiko, huna mtu. Mimi niliacha shule darasa la tatu, kwa hiyo usitafute hapa maneno ya daktari. Nitasema nilichokiona kwa mwili wangu.

Lakini kwanza ujue ni nani anayekuambia alichoka, usije ukafikiri ni mtu mlegevu. Nilianza na panga moja, tena la kuazima, nikikata miwa ya watu upande wa Malava, miaka ile kiwanda kilimeza kila tulichokipeleka na bado kikaomba. Nilikata laini nyingi, ile mistari ya miwa anayopimiwa mkataji kwa siku, kuliko mwanamume yeyote wa upande ule, na kama yuko anayebisha, aje. Kutoka panga nikawa nyapara. Kutoka unyapara nikanunua trekta, na trekta ikaniletea trekta nyingine. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza ya matofali kwenye kilima chetu. Vijana waliosomea kilimo kule Bukura, wenye vyeti vyenye mhuri, walikuja kuniuliza namna ya kupakia tela lisipinduke njiani. Sijisifu. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, Januari moja ya ukame na upepo, moto ulishika miwa. Mpaka leo hakuna anayejua ulianzia wapi. Uliruka barabara, ukapanda kilima cha jirani zetu ambako nyumba nyingi zilikuwa za nyasi, na kufikia saa kumi jioni kile kilima kilikuwa nguzo nyeusi tupu. Watu watatu walikufa, mmoja wao mtoto wa shule. Kamati ya kanisa ikakusanya mabati na misumari, ikatafuta mtu wa kusimamia ujenzi. Walitafuta nini? Mtu alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Nilisimama kanisani nikasema kila aliyeungua atakuwa chini ya paa kabla ya mvua ya masika. Nikasema mimi sijawahi kuacha laini katikati. Wakapiga makofi. Hayo makofi niliyabeba mgongoni miezi miwili.

Nilichukua watu wanane. Wengi walikuwa wakataji wangu wa zamani. Wa kutajwa ni wawili. Shikuku alikuwa seremala, mrefu kama mlingoti, mtu wa mizaha hata kwenye mazishi. Rispa alikuwa mama kijana aliyesoma kunipita, na yeye ndiye aliyeshika orodha ya nyumba: nani amejengewa, nani bado, nani ana wagonjwa.

Kosa langu la kwanza lilitoka kwenye miwa. Anayejua miwa anajua kwamba iliyoungua haingoji. Ukichelewa siku mbili tatu, sukari inashuka, kiwanda kinakurudishia mzigo. Kwa hiyo moto ukipita shambani, hakuna laini, hakuna Jumapili, kila mwenye panga anaingia mpaka imalizike. Nilikuwa nimefanya hivyo maisha yangu yote na ndivyo nilivyotajirika. Nikawapeleka watu wangu kwenye nyumba zilizoungua kama ninavyowapeleka kwenye miwa iliyoungua. Nikafuta Jumapili. Nikafuta saa ya kurudi. Sikukumbuka kwamba miwa iliyoungua huisha baada ya siku nne, na kwamba miwa haikukalishi chini ikakusimulia.

Maana huku kwetu huwezi kuingia boma la mtu aliyepatwa ukashika jembe hapohapo. Utakalishwa kwanza. Utapewa chai, au ndizi, au maji tu ikiwa hakuna kingine, na hutakataa. Kisha mwenye boma atakuhadithia tangu mwanzo: alikuwa akifanya nini moshi ulipotokea, alimwita nani, nani hakuitika. Hadithi yote, kama kwenye matanga. Ikiisha, unasema pole, unasimama, ndipo nguzo inachimbiwa. Ukiruka hilo, hata ukijenga ghorofa, umemjengea mtu ambaye hukumwona.

Na anayekaa ni mkubwa wa kundi. Huyo ni nani? Basi nilikaa mimi. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Watu wangu wakikata fito huko nje, mimi niko ndani ya kibanda cha turubai, nimeshika kikombe, nasikiliza. Ya yule mtoto wa shule niliisikia kwa mama yake, nikaisikia kwa bibi yake, nikaisikia kwa jirani aliyemshika mkono ukamponyoka. Alikuwa ametoka salama, akarudi ndani kuchukua sare yake, kwa sababu siku iliyotangulia alichapwa kwa kukosa sare.

Baada ya kuku, mwili ulianza kuondoka kwa vipande. Nilitoboa mshipi tundu jipya, halafu jingine. Ndevu zilinyofoka upande mmoja, pakabaki duara laini kama la mtoto. Viganja vilitoa jasho nikiwa nimekaa kivulini. Tumbo likaharisha kila asubuhi kabla ya safari. Nikilala, nilikuwa kama mtu anayengoja gari. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kitandani nilikuwa gogo, na Mama Ayub hakulisema hilo, ila aliacha kunigeukia.

Nikaenda dispensari. Benchi lile la mbao nalijua kila fundo lake. Wakanisikiliza kidogo, wakasema malaria, wakanichoma sindano na kunipa vile vidonge vichungu. Nilijikuna siku tatu kama mbwa, maana dawa hiyo mwilini mwangu huwa siafu. Baada ya wiki mbili nikarudi, malaria tena. Nikajikuna tena. Mara ya tatu sikungoja waseme, niliingia nikawaambia mwenyewe, "Ni malaria yangu ile."

Nililipenda hilo jina. Malaria humkamata hata simba. Nikawatangazia watu wangu pale kazini kwamba nina malaria na bado nimekuja, na wao wauone mfano. Hilo ndilo kosa langu la pili, na lilikuwa baya kuliko la kwanza, kama utakavyoona.

Nyumbani nilikuwa moto mwingine. Ayub, mwanangu mkubwa, alirudi kutoka bweni akafungua redio. Niliichukua nikaitupa nje, na ilikuwa redio yangu mimi mwenyewe, ya kwanza kilimani. Tangu siku hiyo akawa anakula jikoni na mama yake. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Nilijiambia hiyo ni heshima.

Mwanzoni mwa Machi tulifika kwa Kukhu Anjelina. Kukhu kwetu ni nyanya, bibi, na huyu alikuwa kukhu wa kilima kizima; ndiye aliyempoteza mumewe kwenye moto ule. Alinikalisha juu ya debe, akanipa viazi vitamu viwili, akaanza. Alianza mbali sana, tangu mumewe alipomwoa. Nami nilikuwa natazama jua, naona nyumba sita zilizobaki kwa juma lile, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kukhu, fupisha. Nina nyumba nyingine."

Hakukasirika. Alikusanya maganda ya viazi kwenye leso yake, akasema, "Basi jenga."

Nilitoka. Nilipanda trekta niende kuleta udongo. Nikaiwasha. Halafu sikwenda popote. Mguu ulikuwa kwenye klachi na haukukubali kuondoka pale. Nililia bila sauti, injini ikinguruma, watu wakidhani natafuta gia. Shikuku ndiye aliyekuja. Hakufanya mzaha. Alizima trekta, akaning'oa vidole kwenye usukani kimoja kimoja, akanipeleka nyumbani kwa baiskeli yake, mimi mwenye trekta mbili nimekaa kwenye keria kama mfuko wa mahindi.

Mama Ayub alinipeleka hospitali ya misheni siku iliyofuata. Tulifika saa moja, tukapewa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha katoni, tukaonwa saa nane. Nakumbuka mambo madogo. Mama mmoja mwenye mtoto wa kifafa alimenya chungwa akanipa nusu bila kuniuliza jina. Mwanamke aliyekuwa anapiga deki alifika kwenye miguu yangu, nikataka kuinua, akaniambia niiache tu, akapitisha kitambaa kuizunguka polepole. Mpaka leo, nikiambiwa nitaje watu walionitendea wema, hao wawili wako juu ya orodha.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipima damu. Akasema malaria haipo, na huenda haikuwepo. Nikamwambia kuna mashine zisizoona malaria ya kwetu. Akaweka kalamu chini, akaniuliza ninafanya kazi gani siku hizi, na watu wananieleza nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaanza kumwambia. Nilisema mengi, na sikuweza kusimama. Nikafika kwa yule mtoto. Nikamwambia daktari kwamba mtoto wangu alikuwa ametoka salama, mtoto wangu akarudi ndani kuchukua sare.

Mama Ayub akanishika goti. "Baba Ayub," akasema, "huyo si mtoto wetu."

Nilimtazama na kwa muda sikumwelewa. Hapo nilijua nimeugua.

Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, mimi nimelisahau, na halina kazi hapa. Alichosema ni kwamba nimebeba misiba ya kilima kizima bila kutua, na nikirudi kabla ya miezi mitatu kwisha, mara nyingine Shikuku hatatosha kuning'oa. Vidonge vya kulala vya wiki moja, halafu nyumbani. Hakuna maboma. Hakuna kukaa na waliopatwa. Kila wiki nirudi nimwone. Nikamwambia mvua inakuja na nyumba zaidi ya kumi hazina paa, na niliweka jina langu. Akasema mvua huwa inakuja kila mwaka.

Njiani nilinuna. Nilimwambia mke wangu kwamba daktari ni mtu wa mjini, hajui uchungu wa watu. Tulikuwa tumekaa chini ya kibanda cha muuza miwa ya kutafuna, tukingoja gari. Mama Ayub hapendi maneno mengi. Alisema hivi, nami nimeyashika kama yalivyo: "Hata matanga yana siku ya kunyoa nywele. Watu wananyolewa, wanagawana vitu vya marehemu, wanaambiwa rudini makwenu. Nyinyi mtanyoa lini?"

Kwetu mtu akifa, watu hukaa, wanalia, wanakula, na siku ya tatu nywele zinakatwa na kila mtu anarudi kwa jembe lake. Wazee hawakuwa wajinga. Walijua huzuni isiyowekewa mwisho inakula na waliokuja kuzika. Na mimi nilikuwa nimewapeleka watu wanane kwenye matanga ya miezi miwili, nikawanyima siku ya kunyoa.

Wiki ile ile Rispa alikuja kuniona nyumbani. Alikuwa na orodha mkononi. Alikuwa ameshika nafasi yangu, anakaa yeye sasa kila boma. Mama Ayub akamletea chai na mayai, yeye akayasogeza pembeni. Nikaona mshipi wake. Alikuwa amekaza gauni kwa kipande cha kamba. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema, "Ni malaria tu, Baba. Hata wewe ulifanya kazi nayo."

Nilihisi kama nimepigwa na mpini wa jembe. Mfano wangu ule, nilioupigia kifua, ulikuwa umekaa mbele yangu na kamba kiunoni.

Basi nikafanya kitu ambacho kilinigharimu kuliko trekta. Daktari alinikataza maboma, hakunikataza watu wangu. Niliwaita wote wanane nyumbani kwangu Jumamosi mchana. Nikawaambia sikuwa na malaria. Nikawaambia nililia kwenye trekta, kwamba naharisha kwa woga kila asubuhi, kwamba nilimwita mtoto wa mtu mtoto wangu. Mimi, mbele ya wakataji niliowahi kuwafokea kwa kukaa kivulini. Nilisema nikitazama chini.

Shikuku, yule wa mizaha, akasema, "Mzee, mimi natapika kila siku nikifika pale kwenye daraja la kwenda kile kilima. Nilidhani ni mandazi ya mke wangu. Nimemgombeza mwezi mzima bure." Watu wakacheka, na katikati ya kicheko Rispa akaanza kulia, na mmoja akasema hajalala, na mwingine akasema amempiga mtoto kwa jambo asilolikumbuka. Wote wanane. Kila mmoja alikuwa akijificha nyuma ya malaria yangu.

Siku ile tulirudisha laini. Sikuziweka mimi, tuliziweka pamoja, na Rispa akaandika. Kwenye miwa isiyoungua, mkataji anapewa laini zake asubuhi, na akizimaliza saa nne, saa nne anaenda nyumbani. Hakuna wa kumwuliza. Tukasema ujenzi uwe hivyo: leo nguzo za boma hili, zikisimama mmekwisha, hata kama jua liko juu na boma la pili linaonekana. Jumapili ikarudi. Na kukaa kukagawanywa. Tulienda kwa wazee wa kile kilima tukawaomba ruhusa, maana ni desturi yao tunayoigusa: anayekaa asiwe mkubwa kila mara, awe yeyote kwa zamu, na wakae wawili. Aliyekaa leo, kesho haketi. Kesho anakanyaga udongo tu, anaimba akitaka. Na wale wawili wakitoka, wanatembea pamoja hadi barabarani kabla ya kuachana, waambiane walichosikia, kisimfuate mtu mmoja nyumbani. Wazee wakakubali upesi kuliko nilivyodhani. Mmoja akauliza kwa nini tulichelewa.

Rispa tulimnyang'anya orodha wiki mbili. Alikasirika. Alilala siku nne mfululizo, mama yake akimwamsha kula.

Sasa usidhani nilipona kwa sababu nilisema maneno mazuri. Kupona kwangu kulikuwa kwa uvivu kabisa. Wiki ya kwanza ya vidonge sikumbuki kitu. Wiki ya nne daktari akaniambia nitembee hadi kwenye mto na kurudi, nikafika nusu. Wakati wa kupanda mahindi nilikaa ukingoni mwa shamba langu nikitazama watu wengine wakipanda, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe. Ndevu zilianza kuota zikiwa nyeupe. Ayub alirudi bweni bila kuniaga vizuri, na muhula uliofuata akaniaga kidogo.

Kibaya kuliko vyote kilikuwa mvua. Ilikuja kama inavyokuja Kakamega, alasiri, kutoka upande wa msitu, wingu limekaa chini kama sufuria. Nyumba nne zilikuwa bado hazina paa, na mojawapo ilikuwa ya Kukhu Anjelina. Ilikuwa saa nane na nusu. Watu wangu walikuwa wamemaliza laini zao, wameshaenda makwao, kama tulivyokubaliana. Trekta ilikuwa pale uani, mabati niliyajua yalipo. Ningeweza kuwakusanya. Wangekuja, mimi nikiita wanakuja. Nilichukua ufunguo.

Mama Ayub alikuwa amekaa kwenye kizingiti akipukuchua maharagwe. Alinitazama, akatazama ufunguo, akavuta kigoda chake pembeni, njia ikawa wazi.

Nilisimama pale mlangoni mpaka matone ya kwanza yakaanza kupiga vumbi. Nikafikiria jina langu nililoliweka kanisani. Nikamfikiria Kukhu juu ya debe lake. Nikamfikiria Rispa na kamba yake. Halafu nikakaa. Mvua ilinyesha hadi ikaisha, nami nilikuwa bado nimekaa, ufunguo mkononi.

Wale wa nyumba nne walilala kanisani. Watu walisema. Kwenye kamati kuna aliyesema mwenye trekta mbili ameshindwa na mvua, na wengine wakacheka, na nilisikia. Nyumba ya Kukhu ilichelewa siku tisa. Kati ya watu wangu wanane hakuna aliyeanguka, na wote walimaliza kazi, Rispa akiwa mbele.

Ni yeye aliyeniletea maneno ya Kukhu, siku paa lilipopigiliwa. Nilikuwa nimemtuma aniombee msamaha. Kukhu akamwambia, "Mwambie asinitumie watu. Na asije akiwa na haraka. Aje siku ambayo hana pa kwenda."

Nilingoja. Miezi mitatu ya daktari ilikwisha, palizi ya pili ikapita, mahindi yakatoa ndevu. Ndipo daktari akaniambia naweza kukaa na mtu mmoja, mara moja, na mke wangu awe karibu. Nilienda kwa miguu asubuhi, Mama Ayub nyuma yangu na kuku kwenye kikapu. Kukhu alikuwa nje, anaanika wimbi. Alituangalia tukipanda kilima chake polepole. Akatoa viti viwili na akaweka sufuria ya viazi katikati. Akaniuliza kama kuna mahali ninangojewa.

Nikasema hapana.

Akaanza tena tangu mumewe alipomwoa.